Kabla ya Kuongeza Dozi, Uliza Saa

"Dawa haijamtosha, aongezewe." Kauli hii utaisikia Kasulu, utaisikia Kibondo, popote anapozungumziwa mgonjwa wa tezi ya shingo aliyeandikiwa levothairoksini, kidonge cha homoni ya tezi, na bado analalamika uchovu. Ndugu wanaisema. Muuza duka la dawa muhimu anaisema. Wapo hata matabibu wanaoiandika kwenye faili bila kuuliza swali la pili. Imeshakuwa kanuni isiyopingwa: kidonge kimoja kikishindwa, viwe viwili, hamsini ikishindwa, iwe mia. Mimi naipinga. Kwa wagonjwa wengi wa namna hii kilichoharibika si dozi, ni saa ya kumeza, na dozi inayopandishwa juu ya saa mbovu humwumiza mtu siku ile saa inapokaa sawa.

Tezi yenyewe, ambayo vitabu vyetu huiita tezi dundumio, imekaa mbele ya koo na kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoamua mwili utumie nguvu kwa kasi gani. Homoni hiyo ikipungua, kila kitu hupunguza mwendo. Moyo huenda polepole, choo hukauka, ngozi hukwaruza, sauti huwa nzito, uso hujaa asubuhi, hedhi huvurugika, mtu husahau jina la jirani yake. Na baridi! Kibondo na Kasulu ziko juu, alfajiri za Juni na Julai kila mtu anajifunika. Mgonjwa huyu anajifunika saa saba mchana, jua likiwa utosini, na watoto wanashangaa.

Kabla ya kwenda mbele lazima niondoe mkanganyiko mmoja, kwa sababu ndio mama wa kauli ninayoipinga. Nyanda za juu za Buha, kama nyanda nyingi za juu mbali na bahari, udongo wake una iodini kidogo, na rovu limekuwa sehemu ya maisha ya huku kwa vizazi. Miaka ya 1980 na 1990 Taasisi ya Chakula na Lishe iligawa vidonge vya mafuta ya iodini katika wilaya zilizoathirika zaidi nchini. Katikati ya miaka ya 1990 sheria ikataka chumvi yote ya kula itiwe madini joto, yaani iodini. Matokeo yalionekana: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2004 ulikuta uvimbe wa tezi kwa watoto wa shule umeshuka hadi karibu asilimia 7, kutoka takriban asilimia 25 ya miaka ya 1980, na kaya 8 katika kila 10 zilikuwa zinatumia chumvi yenye madini joto. Huo ni ushindi mkubwa wa afya ya jamii, na wale waliofanya kazi hiyo wanastahili heshima ambayo hawajapewa.

Lakini ushindi ule uliacha somo lililoeleweka nusu. Watu walishika kwamba tezi ni chumvi, basi. Kwa hiyo hata leo mtu aliyepungukiwa homoni anashauriwa aongeze chumvi kwenye mboga, na kidonge chake kinachukuliwa kama chumvi nyingine iliyokaushwa: kula zaidi, upone zaidi. Iodini ni malighafi tu. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, na anayepata kiasi hicho halafu bado homoni yake iko chini, shida yake iko kwenye kiwanda. Huenda kinga ya mwili wake imeishambulia tezi na kuila, ugonjwa ambao Mjapani Hakaru Hashimoto aliueleza mwaka 1912. Huenda alikwenda hospitali akakatwa rovu, na tezi ikaondoka nalo. Huyo hata akila chumvi yote ya Uvinza, hana pa kuipeleka. Na kuzidisha iodini kuna hatari zake: mwaka 1996 jarida la Lancet liliripoti kutoka Kivu, ng'ambo ya pili ya ziwa letu la Tanganyika, watu waliopata ugonjwa wa tezi kufanya kazi kupita kiasi baada ya chumvi yenye iodini kuingia katika eneo lililokuwa na uhaba wa miaka mingi.

Hao waliokatwa rovu ndio wanaoniuma zaidi. Wanarudi nyumbani shingo imenyooka, majirani wanapongeza, na neno "umepona" linasemwa kwa nia njema kabisa. Theodor Kocher, daktari wa Bern, Uswisi, nchi ya milima na marovu kama hii yetu, aliligundua kosa hilo kwa uchungu. Mwaka 1883 alitangaza kwamba wagonjwa wake aliowaondolea tezi nzima walikuwa wamedumaa, wamevimba na kupooza akili miezi na miaka baada ya upasuaji uliofaulu. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1909. Miaka minane baada ya tangazo lake, mwaka 1891, Mwingereza George Murray alimdunga mgonjwa wake dawa iliyokamuliwa kutoka tezi za kondoo, na mwanamke yule akaishi miaka 28 zaidi. Kidonge tulichonacho leo ndicho mjukuu wa sindano ile. Aliyekatwa tezi yote anakihitaji kila siku hadi mwisho wa maisha yake. Akikiacha kwa kuwa "amejisikia vizuri", amejisikia vizuri kwa sababu ya kidonge hichohicho.

Sasa turudi kwenye dozi.

Tuseme ni mama wa Makere, mkulima wa maharage, kilo 60, alikatwa rovu mwaka jana. Mtazame asubuhi. Binti yake ameamka kabla yake, amewasha moto, amekoroga uji wa lishe, kwa kuwa mgonjwa lazima apate chakula cha nguvu. Unga ule una mahindi, ulezi, karanga na soya, na juu yake yametiwa maziwa. Kikombe kinawekwa mbele ya mama kikifuka mvuke. Binti anafungua fundo la kitenge, anatoa vidonge viwili: kile kidogo cheupe cha tezi na kile chekundu cha kuongeza damu alichopewa zahanati. "Mama, meza dawa, uji usipoe." Mama anameza vyote viwili kwa uji.

Hakuna aliyekosea wajibu hapo. Yule binti ametimiza wake kwa upendo usio na dosari. Lakini kidonge cheupe kimewekewa vizuizi vitatu kabla hakijafika kwenye damu. Kidonge cha damu kina madini ya chuma, nayo hukinasa tumboni. Maziwa yana kalsiamu, nayo hufanya vilevile. Soya hupunguza kiasi kinachofyonzwa. Levothairoksini ikimezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, asilimia 70 hadi 80 huingia mwilini. Kwa uji ule huingia kiasi ambacho hakuna anayeweza kukitaja, na kesho huingia kiasi kingine, kwa kuwa kesho maziwa hayakupatikana. Ongeza chai ya maziwa, kahawa, vidonge vya kutafuna vya kiungulia, omeprazoli ya vidonda vya tumbo, na kila kimoja kinachukua sehemu yake.

Baada ya mwezi mama bado amechoka. Anarudi. "Haijamtosha, aongezewe." Kutoka mikrogramu 50 anapewa 100. Uji unaendelea. Anapewa 150. Hatimaye anaanza kupata nafuu, na kila mtu anasema, mnaona, alihitaji dozi kubwa. Halafu vidonge vya damu vinakwisha, au ng'ombe anaacha kutoa maziwa, au mama anakwenda Mwanza kwenye harusi ya mwanawe na kule anameza dawa kwa maji tu alfajiri. Mikrogramu 150 sasa zinafyonzwa ipasavyo kwenye mwili uliohitaji 100. Moyo unadunda, mikono inatetemeka, jasho, kuhara, usingizi unakimbia. Kwa mtu wa makamo yake homoni iliyozidi huweza kuvuruga kabisa mapigo ya moyo, na mapigo yaliyovurugika huweza kuleta kiharusi. Ikizidi kwa miaka hula mifupa, hasa ya mwanamke aliyekoma hedhi. Ndugu sasa wanasema dawa ina madhara, aache. Anaacha. Tumerudi alipokuwa siku ya kwanza, na nauli imekwisha.

Katika mkasa huo dozi ya 100 ingetosha, kama kidonge kingefika. Hesabu ya kawaida kwa mtu mzima ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa ni kama mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito. Kwa kilo 60 ni karibu 100. Wazee na wenye ugonjwa wa moyo huanza chini zaidi, 25 au hata nusu ya hapo, na kupanda taratibu. Hesabu hiyo imejengwa juu ya kidonge kinachofika. Kisipofika, hakuna hesabu.

Najua watakaonijibu, na hoja zao si za kupuuza. Ya kwanza: kipimo cha TSH hakipatikani katika kila maabara ya huku, ni ghali, ni mbali, kwa hiyo tunatibu dalili. Nasema uhaba huohuo wa kipimo ndio unaotulazimisha kuanza na saa. TSH ni ujumbe unaotoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo kwenda kwenye tezi ya shingo. Homoni ikipungua, ujumbe unapanda. Lakini thairoksini, homoni iliyomo kidongeni, haina haraka. Nusu ya kiasi kilichomo mwilini huchukua takriban siku 7 kuondoka, na kila unapobadilisha dozi, au unapobadilisha namna ya kumeza, inapita kama wiki 6 kabla damu haijatulia na kusema kweli. Anayepimwa wiki ya pili ametupa pesa. Anayepimwa huku leo anameza kwa uji na kesho kwa maji ametupa pesa. Na yule aliyekuwa akirukaruka siku, akasikia kipimo kinakaribia, akameza kwa bidii siku chache, majibu yake yatakuja yakipingana: homoni iko sawa, TSH iko juu. Tabibu asiyejua hilo ataongeza dozi. Saa ya kumeza haigharimu shilingi. Irekebishwe kwanza, zipite wiki 6 hadi 8, ndipo mtu apande gari kwenda kupima, na matokeo yale yatakuwa na maana.

Tena dalili haziaminiki mahali hapa. Uchovu huku una wenyewe wengi: malaria, minyoo, upungufu wa damu, mimba zilizofuatana, huzuni ya kufiwa. Mtu ambaye TSH yake imekaa kati ya 0.4 na 4 na bado amechoka, atafutiwe sababu nyingine. Kumwongezea thairoksini ni kumfunga macho asiione.

Hoja ya pili inaniudhi zaidi, kwa kuwa ndani yake mna dharau. Husemwa kwamba mtu wa kijijini hawezi masharti: kidonge alfajiri, tumbo tupu, asubiri nusu saa hadi saa nzima bila kula, hayo ni mambo ya watu wa mjini wenye saa ukutani. Hebu tuangalie nani hawezi. Karani wa mjini anaamka saa kumi na mbili na nusu, anakunywa chai amesimama, anakimbilia daladala. Mwanamke wa vijiji vya Kibondo msimu wa masika anaamka saa kumi na moja, anateka maji, anafagia, anakata majani ya mbuzi, na chakula kinamfikia saa moja au mbili baadaye, mara nyingine akiwa shambani tayari. Tumbo tupu analo. Maji anayo. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia ameze anapoamka, kabla hajashika ndoo. Sharti hili linamkaa mkulima kuliko linavyomkaa karani.

Asiyeweza alfajiri anayo njia nyingine. Mwaka 2010 madaktari wa Uholanzi walichapisha utafiti wa wagonjwa 90 waliolinganishwa wakimeza asubuhi na wakimeza wakati wa kulala, na usiku ulifanya vizuri zaidi. Tafiti nyingine hazikuona tofauti kubwa. Kwa hiyo usiku unakubalika, mradi zipite saa tatu tangu mlo wa mwisho, na hapo ndipo huku kwetu pana ugumu: ugali wa muhogo na maharage huliwa saa mbili au tatu usiku na watu wanalala. Ningemshauri mkulima achague alfajiri na Mwislamu aliyefunga Ramadhani ameze anapoamka, nusu saa kabla ya daku, au zaidi akiweza. Muhimu ni kwamba atakayechagua alfajiri abaki na alfajiri, na wa usiku abaki na usiku. Vidonge vya damu na vya kalsiamu vikae mbali na hicho kwa saa nne. Akisahau siku moja asihangaike. Dawa inayochukua siku saba kupungua nusu haimwangushi mtu kwa siku moja.

Na kwa kuwa nimetaja muhogo: wagonjwa wengi hukatazwa muhogo na kabichi maisha yao yote. Ni kweli muhogo usioandaliwa vizuri huzuia iodini kuingia kwenye tezi, jambo lililochunguzwa sana kisiwani Idjwi, Ziwa Kivu, ambako upande mmoja wa kisiwa ulikuwa na marovu mengi kuliko mwingine ingawa iodini ilikuwa haba kotekote. Lakini kidonge ni homoni iliyokwisha tengenezwa. Aliyekatwa tezi yote hana mlango wa iodini wa kuzibwa. Ale ugali wake wa muhogo kwa amani, saa nzima baada ya kumeza.

Sisemi dozi isiongezwe kamwe. Yupo mgonjwa anayeonewa kwa upande wa pili: aliyeanzishiwa 25 au 50 ili aanze taratibu, kisha akasahaulika hapo kwa miaka, kila mwezi anaandikiwa ileile. Huyo anameza vizuri, saa yake ni safi, na TSH yake iko juu, aongezewe leo. Yupo anayetumia rifampisini kwa kifua kikuu, au dawa za kifafa kama fenitoini na kabamazepini, ambazo huiharakisha thairoksini kutoka mwilini. Yupo aliyeanza vidonge vya majira vyenye estrojeni. Hawa wote mahitaji yao hupanda kwelikweli.

Na yupo mjamzito, ambaye kwake nabadilisha mpangilio wote. Mwanamke aliye kwenye dawa hii akijua amepata mimba hasubiri wiki 6. Mtoto, katika miezi ya mwanzo, anategemea homoni ya mama kujenga ubongo wake. Miongozo ya kitabibu inashauri dozi ipandishwe mara moja kwa asilimia 20 hadi 30, kwa hesabu rahisi vidonge 9 kwa wiki badala ya 7, kisha apimwe kila baada ya wiki 4 hadi katikati ya mimba. Huyu huyu ndiye kliniki ya wajawazito inampa vidonge vya damu siku ya kwanza, na ni haki yake apewe. Basi aambiwe: cheupe alfajiri, chekundu usiku. Sentensi moja inatosha, lakini isiposemwa, mtoto anaweza kulipa.

Angalia bahasha ya dawa. Juu yake pameandikwa "1 x 1", yaani kimoja mara moja kwa siku. Kwa Paracetamol maandishi hayo yanatosha. Kwa levothairoksini hayasemi lolote lenye faida, kwa kuwa jambo lenyewe ni lini na pamoja na nini. Ongeza kwamba kidonge cha 50 na cha 100 hufanana machoni pa mtu asiyesoma vizuri, na duka likiishiwa na cha 100 hutoa cha 50 kwa maelezo ya haraka. Mgonjwa anameza kimoja kama kawaida. Dozi imekatwa nusu bila mtu kuamua.

Kwa hiyo naomba mambo haya yafanyike Kasulu na Kibondo bila kusubiri mradi wala mfadhili. Mtoa dawa, andika kwa mkono kwenye bahasha: "Kimoja, ukiamka, kwa maji matupu. Chakula baada ya saa nzima. Vidonge vya damu usiku." Andika na namba ya mikrogramu za kidonge, uisome kwa sauti mbele ya mgonjwa na mtu aliyemsindikiza. Tabibu, kabla hujaandika namba kubwa kuliko ya mwezi uliopita, mwulize anameza saa ngapi, kwa kinywaji gani, na pamoja na nini, kisha mwulize binti yake pia. Daktari unayemruhusu mtu aliyekatwa rovu arudi kijijini, usimwambie amepona. Mwambie kidonge hiki ndicho tezi yake sasa.

Na wewe uliye nacho nyumbani: usijipandishie, usijipunguzie, usiache. Shika saa moja kwa wiki 6, kisha nenda ukapime TSH.